Kondoo Wanne na Meza ya Kofia

Haya, mmenishikilia niseme nasema, ingawa aibu yake mpaka leo nikiikumbuka peke yangu bafuni naona uso unanichoma, na wewe hapo acha kucheka, hata sijaanza.

Nilikuwa mtunza bustani wa hoteli moja hapa Doha, nalala Industrial Area chumba cha watu wanane, na meneja wetu (Mlebanoni, manukato yake yanafika kabla yake) akaniahidi kwamba shughuli fulani ikienda vizuri nitakuwa msimamizi, nihamie Al Mansoura, chumba cha watu wawili. Barua sikungoja. Siku ileile nilimpigia mama mkwe Dodoma nikamwambia mkwe wako sasa ni msimamizi.

Shughuli yenyewe ni ya wapenzi wa mbio za farasi. Kuna uwanda wa majani huko Ayalandi unaitwa Curragh, farasi wanashindana hapo tangu enzi za mababu, una mpaka wimbo wake, basi wageni watatazama mbio kwenye skrini kubwa ukumbini, mzee mmoja wa huko Ayalandi ataimba, na wanawake watashindanisha kofia zao. Sasa meneja akasoma mahali kwamba uwanda ule hauna ua, kondoo wanajilia wanapotaka, akataka kondoo. Ndani ya ukumbi! Juu ya majani ya plastiki!

"Kondoo unawajua?" akaniuliza. Mimi Mgogo, niulizwe kondoo?

"Bosi, nikipiga mluzi mmoja tu wanatulia."

Tukakodi wanne kutoka shamba moja la Umm Salal. Meneja alitaka wainamishe vichwa picha zipendeze, na hapo ndipo nilipojiona nina akili: nikawanyima chakula tangu asubuhi, nikamwaga shayiri kiganja kimoja juu ya plastiki. Wakainama, jamani, walipendeza! Mzee akaanza kuimba, wimbo wa huzuni, hata mimi nisiyeelewa maneno nikawakumbuka wanangu. Ubeti wa pili haujafika, shayiri imekwisha. Wakainua vichwa, wakaiona meza ya kofia, zimepangwa zinasubiri majaji, zimejaa maua mabichi.

Ya kwanza kuliwa ilikuwa ya mke wa meneja.

"Mluzi!" meneja akafoka. Nikapiga. Wapi! Kondoo wale wamelelewa na Msudani, mluzi wa Kigogo waliusikia lini? Wakatimua mbio, mmoja na utepe mdomoni, meza ikapinduka, mimi nyuma yao na suti ya kuazima, nikateleza, nikaanguka kifudifudi chini ya skrini palepale farasi wanapomaliza, ukumbi mzima ukapiga makofi (sijui ya farasi au yangu), simu zimeinuliwa zinanirekodi. Mzee hakuacha kuimba. Alipomaliza akaja kuniinua, anafuta machozi ya kicheko, "Leo ndiyo nimefika nyumbani." Meneja alisema neno moja tu: "Khalas." Yaani basi, cheo kimekwenda.

Siku tatu nikawa natafuta maneno ya kumwambia mama mkwe. Akanipigia yeye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba Zawadi. Wajukuu wamenionyesha video. Kumbe usimamizi wenyewe ni wa kondoo?"

"Hata huo, mama, wameshaninyang'anya."

Nimekoma. Cheo ambacho barua yake sijaishika mkononi, siutajii hata mto ninaolalia.