Fundi, Mwambie Dada

Mpiga kinanda wa kundi moja la watu wawili hupangusa vitufe kwa pindo la shati kabla hajapiga chochote. Tangu walipoanza kuvuma, hasemezani na dada yake, mwimbaji, japo husimama bega kwa bega. Hunituma mimi, fundi wa sauti: "Mwambie dada apunguze mbwembwe." Jana, katikati ya wimbo, dada akahamia lugha ya pili, kama kawaida ya nyimbo zao za lugha mbili, na maneno yakamtoka kichwani. Akaganda. Kaka hakusonga mbele. Akarudia kipande kile kile, tena na tena, jasho likimchuruzika, macho kwa dada, mpaka maneno yakarudi. Watu walipotoka ukumbini, dada akamkabili. "Kaka, ulinisubiri." Yeye akaanza kupangusa vitufe. "Fundi, mwambie dada kinanda kilikwama."