Njiwa Waliopinda Shingo

Mwanangu, siku ile ya Ujiji nikiikumbuka bado hunitia adabu. Ilikuwa miaka ile wakimbizi wakivuka ziwa kutoka Kongo. Shangazi yangu Mwajuma, aliyenilea, alifuga njiwa uani. Jirani yetu alikuwa amempa chumba Mama Furaha, mkimbizi aliyeshuka mtumbwini na watoto wake, na jozi ya njiwa ndani ya kapu.

Hazikupita siku nyingi, njiwa wa mtaa mzima wakaanza kufa. Walikunywa maji kupita kiasi, wakaharisha kijani, kisha shingo zikapinda hata ndege akawa anadonoa hewa, punje iko chini. Ilitia huruma kutazama. Watu wakasema balaa limekuja na mgeni. Asubuhi moja wakamjia mlangoni, wakamtaka afungashe.

"Miye nilikimbia vita," alisema, mtoto mgongoni. "Mukinifukuza, niende wapi tena?"

Bwana mifugo alikuwa ameitwa. Akampasua njiwa mmoja mbele yetu, akatuonyesha figo zilizovimba na kupauka.

"Hiki ni kirusi," akasema. "Kinaharibu figo, kinashambulia na ubongo, ndiyo maana shingo zinapinda. Dawa hakuna. Banda kilikoanzia, njiwa wote wachinjwe na kuchomwa. Walianza kufa kwa nani?"

Macho yote yakamgeukia Mama Furaha. Shangazi akakaza kanga yake kiunoni.

"Kwangu," alisema. "Walikufa wawili kabla huyu hajavuka ziwa. Niliwafukia kimya kwa kuona haya."

Jioni, tukichoma njiwa wake, nilimwambia, "Shangazi, ungenyamaza tu. Nani angejua?"

Akaendelea kuchochea moto. "Na yule mama angelala wapi leo?"

Kesho yake Mama Furaha alikuja na ufagio, wakasugua banda pamoja. Hakufukuzwa. Shangazi ndiye aliyenuniwa na majirani muda mrefu, naye akavumilia.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingine humponza asiyehusika. Balaa likiingia mtaani, anza kutazama kwako kabla hujamnyooshea mgeni kidole. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukijua ukweli utakaomwokoa mtu, useme mapema, hata kama utakugharimu. Mola akujaalie ulimi usioogopa haki, na mlango wako usikose mgeni wala amani.