Gari Alilotufundisha Akinyi

Kila ninapopita mbele ya kibanda cha fundi wa simu pale mjini Chaka na kunusa risasi ya kuchomelea nyaya, hukaza mwendo. Ngoja niwaambie kwa nini. Hata mume wangu sijamwambia.

Nilikuwa darasa la sita. Chama chetu cha kompyuta kilikuwa kimeletewa sanduku la mota, nyaya na risasi ya kuchomelea, na Akinyi, binti wa polisi aliyehamishiwa kwetu kutoka Kisumu, ndiye pekee aliyejua la kufanya nazo. Wavulana walipokufundisha walikupokonya vifaa. Akinyi alificha mikono mgongoni. "Jaribu wewe," alisema. "Ikiungua ni waya tu." Hata Mwangi, kiranja wa chama, alijifunzia hapo, akijifanya anapita tu.

Kigari tulichounda kwa kuongozwa na Akinyi kilipotembea chenyewe na kukwepa mguu wa meza, mwalimu aliuliza nani amekitengeneza.

"Ni mimi," Mwangi akasema.

Akinyi alicheka, akidhani ni utani. Mwalimu akanigeukia. "Wangechi, ni ukweli?"

Asubuhi hiyo Mwangi alikuwa ameniahidi kwamba mimi na yeye ndio tungekipeleka mashindanoni Nyeri mjini. Nikasema ndiyo.

Huko Nyeri kigari kilizunguka palepale mpaka watu wakacheka. Mwangi alikibonyezabonyeza, asijue kasoro. Tuliporudi akamwambia mwalimu, "Ni Akinyi aliharibu, ati juu ya wivu." Mwalimu akanitazama tena. Nikaitikia kwa kichwa. Akinyi akafukuzwa chamani mbele ya darasa zima.

Alinifuata kwenye mfereji wa maji nilipokuwa nikinawa mikono. "Wangechi, nilikukosea wapi?"

Wavulana walikuwa wakitazama. "Kwani huko kwenu ziwani wasichana ni mafundi?" nikasema kwa sauti. "Enda ufunzwe kupika samaki."

Walicheka hadi wakashikana. Akinyi aliufunga mfereji vizuri, akaondoka. Hakunisemesha tena mpaka baba yake alipohamishwa.

Ijumaa iliyofuata niliingia chamani kifua mbele. Sasa nilikuwa mmoja wa wavulana. Mwangi akanikabidhi ufagio. "Wewe ni msichana. Si ufagie?"

Nilifagia, nikidhani ni zamu yangu. Nilikuwa mtu mzima, tena mama wa binti, nilipoelewa kwamba wavulana wale waliyasikia vizuri maneno niliyomwambia Akinyi, na hawakuona kwa nini yasinihusu mimi pia.