Coleta na Katapila la Isdori

Coleta aliolewa na Isdori mwaka ambao shamba la serikali lilianza kuuza mitambo yake. Mahmud, mfanyabiashara wa Sumbawanga mjini, alinunua katapila kuukuu ambalo wengine walishalihesabu chuma chakavu, akamchukua na Isdori aliyekuwa akiliendesha pale shambani, maana hakuna mwingine aliyejua kuliwasha.

Kuliwasha ilikuwa shughuli. Injini kubwa ilikunywa dizeli, ila haikuweza kujiamsha. Ubavuni ilikuwa na injini ndogo ya petroli, ya kupigwa hendeli kwa mkono. Ndogo ikishawaka iliachwa ingurume mpaka joto lake liifikie kubwa, ndipo klachi iachiwe, ndogo iizungushe kubwa mpaka iteme moshi mweusi na kuitika. Asubuhi za Julai, umande ukiwa umeganda kwenye nyasi za Kasense, Coleta alipeleka ndoo ya maji ya moto ya kutia kwenye rejeta. Isdori, aliyeweza kumaliza ugali bila kutamka neno, alilibembeleza lile dude: “Amka basi, mama. Jua limetoka.”

“Mimi hujanibembeleza hivyo hata siku moja,” Coleta alimtania. Isdori akainama, akafuta mikono kwa tambara, masikio yamemwiva kwa haya.

Masanja, mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani, akaomba achimbiwe lambo la kunyweshea ng’ombe kabla ya mvua. Asubuhi ya kuondoka, Isdori alikuwa na haraka. Hendeli ikarudi kinyume, ikamvunja mkono.

Mkono uliofungwa plasta ya hospitali haukumuuma kama maneno ya Mahmud, aliyesema kwa upole kwamba itabidi atafute dereva Mbeya. Isdori alikaa akitazama ukuta.

“Atakuja mtu asiyelijua,” alisema. “Atalilazimisha.”

“Basi nielekeze mimi,” Coleta akasema.

“Hendeli imenivunja mimi, Coleta!”

“Uliizungushia kidole gumba. Kila siku unawakataza wenzako, leo ukasahau.”

Isdori alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka.

Kesho yake Coleta akajifunga kanga kiunoni. Akaweka kidole gumba pamoja na vingine, akavuta hendeli kwenda juu. Kimya. Akavuta tena, injini ndogo ikakohoa. Mara ya tatu ikashika.

“Usiiharakishe,” Isdori alisema, amesimama karibu kiasi cha kumkanyaga. “Shika chuma cha injini kubwa. Kimepata joto?”

“Bado… Sasa.”

“Achia klachi. Polepole.”

Kubwa ikajizungusha kwa uvivu, ikatema moshi, ardhi ikatetemeka. Coleta akapiga kigelegele. Isdori akamkumbatia kwa mkono mmoja, mbele ya Mahmud aliyekuja kutazama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata nyumbani.

Mahmud akaghairi habari ya dereva wa Mbeya. Kule kwa Masanja, mzee mwenyewe aliwatazama wote wawili kitini. “Nani dereva, mama?”

“Dereva ni huyu, mzee. Mikono ni yangu.”

Walichimba taratibu, Isdori akimwonyesha wenzo wa kuvuta. Ukingo mmoja ulitoka umepinda. Masanja akasema ng’ombe hawajali, na mvua ziliponyesha lambo likajaa.

Mkono ulipona, lakini nguvu za kuzungusha hendeli hazikurudi. Mahmud akamwajiri na Coleta. Miaka iliyofuata, katika barabara ya kuteremkia Kirando, watu waliwazoea: mke akiwasha, mume akiendesha, wakibishana mchana kutwa katikati ya kelele za injini, bila hata mmoja kusikia mwenzake anasema nini.