Dhoruba Niliyoiletea Masinga

Mwaka intaneti ilipofika Machakos mjini, mimi, afisa wa kilimo wa Masinga, niliingia saiba kutafuta mvua. Ilikuwa Novemba, mbegu ziko ardhini, mawingu hakuna. Kwa pupa nikaandika "Mach", nikabonyeza jina la kwanza lililotokea. Ukurasa ukafunguka kwa kujivuta, na moyo wangu ukaruka! Kompyuta kubwa za ng'ambo zilikuwa zimepiga hesabu ya upepo na mawingu: dhoruba kali Ijumaa, mashua zote zitolewe majini. Mashua! Si hizo za wavuvi wa bwawa letu? Ng'ambo wanatujua! Nikachapisha.

Kesho yake, kwenye baraza la chifu, nilisimama bila kualikwa. "Ijumaa kuna mbua!" nikapaza sauti, mvua nikiitaja kwa Kikamba. Akina mama wakapiga vigelegele. Wavuvi wakatimua mbio kwenda kuvuta mashua nchi kavu. Nami, kifua mbele, nikaamuru mitaro ichimbwe.

Mwalimu Ndunge, mstaafu aliyenifunza Kiingereza darasa la sita, akaomba ile karatasi. Akavaa miwani, akasoma bila haraka.

"Afisa, hii theluji ya futi mbili tutaiweka wapi?"

"Theluji gani, Mwalimu?"

"Imeandikwa hapa. Na hii si Machakos, ni Machias. Iko pwani ya Amerika."

Akanirudishia karatasi, akanitazama juu ya miwani kama zamani.

"Kyalo, si nilikufunza kusoma neno mpaka mwisho?"