Lebo Isiyosomwa

Ofisini walimwita Mama Lebo, ingawa hakuwa na mtoto wala hakuuza nguo. Alitunza programu ya kliniki, na kila taarifa ya mgonjwa aliibandikia lebo yake ndani ya msimbo, yale maandishi yanayoiendesha programu, mstari mmoja juu: [Lazima] kwa ile isiyoruhusiwa kuachwa wazi, [Siri] kwa ile isiyomhusu kila mpita njia. Lebo yenyewe haifanyi kitu. Imekaa tu, kama kibao cha "Usitupe taka hapa" juu ya lundo la taka. Sharti kiwepo kipande kingine cha programu cha kuzisoma na kuzitii, na hicho pia alikiandika yeye.

Jumatatu alikuta karatasi mapokezi. Jina la wifi yake, mke wa kaka yake. Namba ya simu. Na chini, kwa herufi nene, jibu la kipimo ambacho hata kaka mtu hakuwa ameambiwa. Kuna mtu alikuwa ameitumia kuwekea kikombe cha chai.

Alimkuta mkuu wa idara akichokonoa meno kwa kona ya kitambulisho chake.

"Kile kipande kinachosoma lebo nilikitoa," alisema mkuu. "Kinachelewesha printa nusu sekunde."

"Na lebo zenyewe?"

"Nimeziacha, dada yangu. Wakaguzi wanapenda kuziona."

Alitoka akanawa mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu. Kisha akaongeza mistari sita: programu ikiwaka, itafute lebo za [Siri], ikizikuta hazina msomaji, igome kufunguka.

Asubuhi foleni ilifika kwenye ngazi.

"Umeifanya nini hii?" mkuu aliuliza.

"Imekataa kudanganya. Ukitaka ifunguke, zifute lebo. Zipo mia tatu na kumi na mbili. Sikuzuii."

Mkuu akavuta kibodi, akafuta ya kwanza. Kabla ya kuhifadhi, kompyuta ikaonyesha pembeni nani anafuta: jina lake, tarehe na saa.

"Jina langu linatafuta nini hapa?"

"Hiyo nayo ni lebo, mkuu. Ya kwako."

Mkuu akalikodolea macho. Majina ya wagonjwa wote yalikuwa hayajamtikisa hata kope. Hili moja likamtoa jasho.

"Haya, rudisha hicho kisomaji chako."

Mama Lebo akakirudisha, foleni ikasogea. Ila sasa alijua ni aibu ya nani inayohesabika humo ndani.

"Na hapo pembeni unifute," mkuu aliongeza, kwa sauti ya chini.

"Ungehifadhi ndipo jina lako lingebaki, mkuu. Nenda kanywe chai."