Toleo la Zamani

Juma lililopita nilipeleka birika langu la umeme kwa fundi wa mtaani. Halijamaliza mwaka. Alilipindua, akatafuta skrubu chini yake, hakuona hata moja, akanirudishia.

"Mama, hii banaifunga na gundi. Banaitengeneza juu ikufe. Tafuta ingine."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njiani, rafiki yangu, nikajikuta nina miaka kumi na mmoja, kule mtaa wa Naviundu, kwenye barza, kile kibaraza cha mbele ya nyumba yetu.

Mjomba alikuwa amerudi kutoka masomoni Ulaya na kunipa sanduku lenye kitabu kinene cha Kifaransa na dadu za pande nyingi. Mchezo wenyewe haukuwa na ubao. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu anajichagulia awe nani na kumwandika kwenye karatasi, na jambo likiwa la shaka dadu zinaamua. Tulikuwa wanne: mimi, mtoto wa jirani, na mabinti wawili wa mwalimu. Jumamosi, tukishaosha vyombo na kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, tulikaa chini tukacheza hadi baridi ya Juni itufukuze. Nkambo, mama mzazi wa mama yangu, alitukaangia beignets, maandazi ya kwetu, na kurasa zikajaa alama za vidole vya mafuta. Mimi nilikuwa mwanamke mhunzi wa shaba. Nilimlinda majira yote ya ukavu, karatasi yake ikatoboka kwa kufutwafutwa.

Halafu mtoto wa jirani akaletewa kitabu kipya. Mchezo uleule, jina lilelile, ila kanuni zimegeuzwa na hesabu za karatasi zetu hazikuingia tena. Nadhani waliokichapa walitaka hivyo hasa.

"Yako iko ya zamani," aliniambia. "Sasa bote banacheza na hii mupya."

"Na muntu yangu?"

"Haingie umu. Andika mwingine."

Mabinti wa mwalimu wakahamia kuchezea kwao. Waliniita, siwezi kusema hawakuniita. Lakini sikukubali kumwacha mhunzi wangu, nikabaki kwetu na kiburi changu. Kutoka upande wa pili wa ukuta niliwasikia wakicheka. Nilianza kucheza peke yangu, nikisimulia, nikijijibu, nikirusha dadu kwa niaba ya pande zote mbili.

Nkambo alinitazama siku kadhaa, kisha akavuta kiti chake kidogo.

"Nifundishe."

Hakujua Kifaransa. Akachagua kuwa mama mchuuzi wa chumvi. Wanyang'anyi walipotuzuia njiani, hakutaka dadu; aliwauliza kwanza wametoka wapi, mama zao ni akina nani, na kama wamekula. Kitabu hakikuwa na kanuni ya jambo hilo. Ilinibidi niitunge. Tulisafiri hivyo majira yote ya mvua, yeye akichambua ndakala, dagaa wakavu, kwenye ungo, mimi nikisoma.

Alasiri moja mtoto wa jirani alisimama mlangoni kwetu, kitabu chake kipya kwapani. Mabinti wa mwalimu walikuwa wamenunuliwa mchezo wa televisheni, na kwake hakuja mtu tena.

"Munacheza?" aliuliza.

Nkambo alisogeza kiti chake, nafasi ikapatikana. Akanitazama. Nami nilikuwa nimeingojea siku ile kwa muda mrefu.

"Tulisha maliza," nilisema.

Dadu zilikuwa bado mkononi mwangu. Aliziona. Akasema "ah, bon," haya basi, kwa upole, akaondoka. Nkambo hakunikaripia. Alirudi kwenye ndakala zake, na siku hiyo mama wa chumvi hakusafiri tena. Mwisho wa mwezi familia ya jirani ilihamia Kipushi, na sikuwahi kumwona tena yule mtoto.

Nkambo alifariki nikiwa sekondari. Ile nyumba iliuzwa, barza ikavunjwa, na sasa hapo pana depo ya simenti. Kitabu sijui kiliishia wapi, na sikitafuti. Kwa miaka mingi niliwalaumu wale watu wa mbali waliogeuza kanuni ili tununue tena. Wana lao la kujibu. Lakini si wao waliokuwa mlangoni alasiri ile. Siku hizi naishi peke yangu, na jioni, kazi zikiisha, wakati mwingine nafikiria vile ambavyo ningeweza kumkaribisha yule mtoto akae nasi, kwa kusema tu: "Ingia, ikala."